Chai ya Saa Moja na Nusu

Mimi Mboni mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima wa Mtanda unajua. Lakini siku ile hospitalini ulifungika kabisa.

Mume wetu Tawakali alikuwa kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina habari. Nasema mume wetu kwa sababu tuko wawili. Biasha ndiye mke mkubwa, na ndiye aliyemkuta saa mbili asubuhi ameanguka barazani kwake. Mimi nilipigiwa simu nikiwa sokoni na mihogo yangu.

Daktari Stella alitoka mbio chumba cha mashine.

"Ni kiharusi. Picha ya kichwa inaonyesha hakuna damu iliyovuja, mshipa umezibwa tu. Dawa ya kuuzibua ninayo, lakini lazima aipate ndani ya masaa manne na nusu tangu alipoonekana mzima. Yakipita, dawa yenyewe inaweza kumuua. Nani alimwona mzima mara ya mwisho?"

"Mimi," Biasha akasema. "Jana saa nne usiku, tulipolala. Alfajiri alitoka kwenda msikitini, sikumsikia."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro robo.

"Kama ni jana usiku, mama, tumechelewa. Siwezi kumpa."

Mimi nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile, tena mzima wa afya! Alikuja kwangu akanywa chai, na zamu ilikuwa ya Biasha. Mwaka jana alipovunja zamu, Biasha alifunga mizigo akarudi kwao Mitole, akaja tu baada ya Tawakali kuapa mbele ya wazee, mkono juu ya msahafu, kwamba siku za Biasha hatakanyaga kwangu. Nikisema, namvua mume wangu nguo mbele ya watu. Nisiposema, atakaa hivi hivi, au namzika. Nikamtazama. Jicho moja lilikuwa linanitazama na chozi linashuka. Mungu wangu, nilimpenda na nilitamani kumzaba kibao.

"Dokta, alikuwa kwangu!" nikapayuka. "Leo. Saa moja na nusu."

Biasha akageuka taratibu. "Kwako? Leo?"

"Leo, dada. Na jana. Nisamehe."

"Mtagombana baadaye," daktari akasema. "Una hakika na saa? Usinidanganye ili apewe dawa."

"Bajaji ya Ramadhani hunifuata saa moja na nusu kila siku, mpigie muulize. Ilipopiga honi, Tawakali aliinua ndoo yangu ya mihogo kwa mkono huu huu uliolala hapa, akaniwekea garini, huku ananitania kwamba nimenenepa."

Daktari akampigia Ramadhani papo hapo. Alipokata simu alikuwa tayari anakimbia. "Tuna mpaka saa sita!"

Saa tano na dakika tano dawa ikaanza kuingia. Tukakaa benchi moja mimi na Biasha. Kila mashine ilipolia nilishtuka.

"Ungeninyamazia?" hatimaye akauliza.

"Nusura, dada."

Alivuta ushungi akajifunika uso, na mimi nikaona haya mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Alasiri vidole vya mkono wa kulia vikacheza. Daktari akatuita, akainama kitandani.

"Mzee Tawakali, nataka kusikia unavyozungumza. Leo asubuhi ulikunywa chai wapi?"

Akamtazama Biasha. Akanitazama mimi. Akarudi kwa Biasha. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila neno lilisikika.

"Chai? Mimi... leo... sijanywa chai."

Alaa! Ulimi nilioukomboa kwa aibu yangu, kazi yake ya kwanza ni kunikana! Nilitaka kumrukia. Lakini Biasha alikuwa ameshaanza kucheka, anacheka huku machozi yanamtiririka, na mkono wake umeushika wangu.

"Dokta," akasema, "kapona. Huyu ndiye mwenyewe."