Pioni Zilizokataa Kutolewa

Jumatano asubuhi, soko la Baraka likiwa limechangamka, Dorothée alifunika cherehani yake na kuvuka barabara hadi kwa seremala Useni. Alikwenda kuchagua namna ya kuanza mchezo wa sataranji. Jumapili angecheza na Henri, mwenye boti, na Henri alikuwa ameahidi mbele ya watu, huku akicheka, kwamba akishindwa na mshonaji yule, kila abiria wake atavalishwa jile, koti la kuelea majini. Mama yake Dorothée hupanda boti hiyo kupeleka mawese Uvira. Mdogo wake, Rosette, aliipanda ile ya kwanza ya Henri, iliyojazwa watu mpaka pomoni, ikazama.

Mawimbi yalirudisha mbao tu. Useni huchukia uharibifu. Mbao nzuri kama zile hazitiwi motoni. Alizichonga pioni, askari wadogo wa sataranji, akazipaka chokaa. Zile nyeusi alizichonga kwa mti wa avoka, yaani parachichi.

"Papa Useni, mi nashona siku nzima," Dorothée alisema. "Njia zote siwezi kushika. Nipe moja tu, Henri akijibu hivi ao vile, mi niko na ile yangu."

"Anza na pioni ya malkia. Hatua mbili."

Dorothée akaisukuma. Kisha, kama walivyozoea mabingwa, akaisogeza na jirani yake iwe chambo, adui aile wakati yeye anashika katikati. Jirani ikarudi nyuma yenyewe, ikiacha michirizi ya maji ubaoni.

"Yaya Doro, usitutoe," ilisema pioni ya malkia kwa sauti ya Rosette, ikimwita dada mkubwa kama zamani. "Balishatutoa siku ingine."

Useni akatafuta kitambaa, akapangusa ubao. "Basi, ya chambo imekataa. Tutafute ingine."

Dorothée alijawa na furaha. Rosette! Na bado ni mbishi vilevile. Wakajaribu njia ya kushambulia upande wa mfalme, pioni zikagoma. Wakajaribu moja yenye majina marefu. Useni mwenyewe akapotea humo, wakacheka wote, na maji yakacheka kidogo mbaoni. Mwishowe Dorothée akatanguliza nje kete iendayo mshazari, kisha akaweka pioni mbili nyuma ya ile ya malkia, moja kulia, moja kushoto, zikiishika.

Hakuna iliyorudi nyuma. Ubao ulikauka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Rosette alisema.

Wee! Dorothée aliruka mpaka kitenge kikamlegea. Njia moja tu, na Henri ajibu apendavyo! Siku zote zilizobaki alishona huku akiinong'ona: malkia, mshazari, kulia, kushoto.

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa kwa Useni. Henri alijibu haraka, akajibu kwa ujanja, akajibu kwa hasira. Dorothée alijenga kilekile. Kila Henri alipoinyooshea mkono pioni ya malkia, mkono wa shati lake ulilowa hadi kwenye kiwiko, naye akaukamua. Hatimaye malkia wa Dorothée akaingia karibu na mfalme wa Henri, na mfalme hakuwa na pa kwenda.

Soko zima lilipiga vigelegele. Henri akampa Dorothée mkono wenye maji. "Mama, unajua kucheza kweli. Mi niko muntu ya neno yangu."

Na kweli, alinunua jile, za rangi ya machungwa, nzuri sana. Jumatatu abiria wote walizivaa. Kwa kuwa sasa wako salama, Henri alisema, akaongeza watu wengine juu ya magunia, na wengine juu ya hao. Jile ziliisha kabla watu hawajaisha. Dorothée alimshika mama yake mkono, akamteremsha kwa nguvu, akawapigia kelele waliobaki. Walimjibu kwamba soko la Uvira halingoji mtu. Boti iliondoka, maji yakilamba ukingo.

Akarudi kwa Useni, roho ikimuuma. Pioni nyeusi, zile za mti wa avoka, zilikuwa zimeanza kulowa.

"Yaya," Rosette alisema, "tusogeze kidogo. Iko bengine banakuja."

Useni akaenda kutafuta kitambaa cha pili. Dorothée akazisogeza zile nyeupe, kuwapisha.