Jicho la Pili

Nilipoingia chuo cha ushonaji nilikuwa tayari najua kushona, na hilo ndilo lililoniponza.

Mama yangu ni fundi cherehani. Nimekulia chini ya meza yake ya kukatia, nikichezea vifungo. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nakunja pindo za nguo za wateja, na wateja wenyewe hawana habari. Siku ya kwanza chuoni, mwalimu wa ukataji alipouliza nani anajua kutia uzi kwenye cherehani, ilinyooshwa mikono saba au minane. Alipouliza nani anaweza kukata kola bila karatasi ya kipimo, ulibaki wangu peke yake. Tangu hapo wakaniita Mtoto wa Fundi, nami nikalibeba jina hilo kichwa juu.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, basi wakamwita Twiga. Kabla ya chuo alikuwa akikata tiketi kwenye kidirisha cha ukumbi wa sinema.

"Cherehani mimi nimeiona kwa jirani tu," aliniambia tukitandika vitanda. "Na yenyewe ilikuwa imefunikwa."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nikampenda papo hapo. Kumpenda mtu usiyemhofia si kazi.

Nilimfundisha mimi. Hilo nataka lijulikane kabla ya mengine yote. Nilimwonyesha jinsi ya kukanyaga cherehani bila kuikurupusha, jinsi ya kuuma pini kwa midomo bila kuzimeza, jinsi ya kusukuma mkasi badala ya kutafuna nao kitambaa. Alikuwa akikosea, anafumua, anashona, anafumua tena, huku akiimba kwa pua. Sketi yake ya kwanza aliifumua mara sita. Mimi nafumua mara moja tu, na hiyo moja nafumua kwa hasira.

Mwezi wa tatu mwalimu, ambaye futi ilikuwa haimtoki shingoni hata siku za mapumziko, alisimama mezani kwetu akainua mkono wa blauzi. Nikaanza kutabasamu. Kumbe ule mkono haukuwa wangu.

"Njooni muone," akawaita wengine. "Bega limekaa. Halina hata mkunjo."

Kisha akanigeukia: "Na wewe Mtoto wa Fundi, una haraka ya mtu anayejua."

Waliosema wivu ni kidonda walisahau kusema kwamba mwenye kidonda hukigusagusa mwenyewe. Nilianza kuhesabu. Watu wangapi wamepita mezani kwangu kwenda kumuuliza yeye. Mara ngapi mwalimu amesema "kama Twiga". Nilimpelekea mama picha ya ile blauzi, sijui nilitaka anijibu nini. Akanipigia mwenyewe.

"Hii umeshona wewe?"

"Hapana, mama. Ni yule rafiki yangu."

"Aisee. Ana mkono, huyo."

Nina miaka kumi na tisa, na tangu darasa la tano nimeshona mbele ya macho ya mama yangu. Hajaniambia hata siku moja kwamba nina mkono. Ananiambia nizime pasi.

Nikaingiwa na ile roho ya kwa nini: kwa nini yeye, kwa nini si mimi, kwa nini anaimba. Hata urefu wake ukaanza kuniudhi, kana kwamba kaurefusha ili anizibie mwanga.

Kila mwisho wa mwaka, karakana moja inayoshona mavazi ya waigizaji huchukua mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, akafanye kazi huko wiki sita za likizo. Mmoja tu. Aliyekwenda kabla yetu aliajiriwa hukohuko kabla hajamaliza chuo. Nafasi hiyo niliitaka kabla hata sijapangiwa kitanda. Mama alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba ni yangu. Mtihani wenyewe ulikuwa koti la mahameli, kila mtu akate na kushona lake. Darasa zima lilijua kwamba nafasi itakuwa yangu au ya Twiga.

Chuoni kwetu kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna mkasi bila jicho la pili. Ukishapanga karatasi zako juu ya kitambaa, unamwita mwenzako wa meza. Anakagua, akiridhika anachora alama yake kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, ndipo unakata. Kosa likitokea, alama za mtihani wanakatwa wote wawili, mkataji na mkaguzi, sawa kwa sawa.

Mahameli nayo ina kiburi chake. Manyoya yake hulala upande mmoja. Ukikata kifua yakielekea chini na mgongo yakielekea juu, kitambaa ni kilekile lakini juani utaona rangi mbili, kama koti la watu wawili. Mwalimu alilisema hilo asubuhi moja ambayo Twiga alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Alirudi na shavu limevimba, akaniomba daftari langu. Mimi sikuwa nimeandika. Nani anaandika anachokijua tangu utotoni? Naapa siku ile sikuwa na nia mbaya.

Nia mbaya ilikuja siku ya kukata. Twiga alipanga karatasi zake kama alivyozoea kwenye pamba: hii kichwa juu, ile kichwa chini, zikabane vizuri, kitambaa kisipotee. Akaninyooshea chaki.

"Dada, nikague."

Nikainama. Kosa niliona hata kabla sijainama. Kifua kilikuwa kinaangalia mlangoni, mgongo na mkono mmoja vinaangalia ukutani. Nilipitisha kiganja juu ya mahameli, kikateleza huku, kikakwama kule. Nikahesabu vipande, nikapima nafasi ya mshono, nikajifanya nafikiri.

"Mbona kimya?" akauliza. "Usinitishe."

"Iko sawa," nikasema. Nikachora alama yangu.

Mkasi wake ulipoanza kula kitambaa, nilisikia kila mlio.

Chumba cha cherehani kilikuwa na taa nyeupe za mirija, na dirisha lake lilizibwa na kabati la nyuzi. Humo ndani rangi zote hufanana. Hata hivyo siku ya tatu Twiga aliinua koti lake, akalitazama na kuligeuza.

"Hebu njoo. Mgongo nauona umefifia, au ni macho yangu?"

Kitambaa kwenye stoo kilikuwepo bado. Angeweza kuanza upya.

"Ni taa," nikamwambia. "Hizi taa zinadanganya."

Siku ya kuhukumiwa, mwalimu alizivisha sanamu makoti yetu na kuzipanga nje barazani, kwenye jua la saa nne. Hakuhitaji kusema kitu. Koti la Twiga lilikuwa limeshonwa vizuri kuliko yetu sote, kola imetulia, mabega yamekaa kama yamemwagwa, na mgongo wake ulikuwa zambarau iliyopauka wakati kifua ni zambarau iliyoiva. Mama Pacha, mwanafunzi mwenzetu mtu mzima mwenye watoto mapacha, alishika mdomo. "Jamani, mtoto wa watu!"

Mwalimu akavuta futi yake shingoni kama anayetaka kujinyonga nayo. "Jicho la pili la koti hili lilikuwa la nani?"

Nikafungua kinywa, sijui kingetoka nini. Twiga akaniwahi.

"Hakukagua, Mwalimu. Nilikata bila kumwita. Nilikuwa na haraka."

Alama yangu ilikuwa ndani ya lile koti, chini ya bitana. Mwalimu hakufumua. Alitikisa kichwa, akaandika, akaenda kwenye koti langu. Kabla ya saa sita nafasi ilikuwa yangu. Nikampigia mama, akapiga vigelegele dukani kwake, nikawasikia na wateja wakipokea.

Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinisuta nikaenda kukiri. Ilinisuta, ndiyo, lakini dhamiri yangu mimi naweza kuinyamazisha. Kilichonishinda ni maneno ya bwenini. "Twiga yule ana moyo." "Kakosa nafasi na bado anampigia mwenzake nguo pasi." Hata kwa kushindwa alikuwa amenishinda! Mimi nina nafasi, yeye ana sifa, na nikazionea wivu sifa zake kama nilivyouonea wivu mkono wake. Siku ya nne nikaenda ofisini kwa mwalimu. Nilimkuta akinoa mikasi.

"Koti la Twiga nilikagua mimi," nikasema. "Niliona, nikaweka alama."

"Kabla ya mkasi?"

"Kabla."

Akaendelea kunoa ule mkasi mpaka akaumaliza. "Nafasi haiwezi kwenda kwa mtu aliyekata mahameli vibaya. Na haiwezi kwenda kwako. Kule wanakata kitambaa cha mtu mmoja kwa mikono ya watu kumi." Akaupangusa mkasi kwa kitambaa. "Kuanzia leo jicho lako la pili ni mimi. Nenda kaniitie Kinyozi."

Kinyozi, kaka mmoja wa darasani aliyekuwa na saluni kabla ya chuo, alipoambiwa alishika kichwa. "Mimi? Mwalimu, kola yangu si imesimama kama sikio la mbwa!" Nafasi ikawa yake.

Twiga nilimwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo zilizokauka.

"Mimi nilidhani umepitiwa," alisema. "Nikasema kosa langu lisiue wawili." Akakunja shuka pembe kwa pembe. "Na ile siku nilipokuuliza rangi?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema ni taa."

"Nikasema ni taa."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi.

"Ungekataa tu kuweka alama," akasema. "Haikuwa lazima unifundishe. Ungesema leo sikagui, ningemwita mwingine. Ni hilo tu."

Lingekuwa jambo rahisi sana, na halikunipitia hata kichwani.

Hakuhama chumba, vitanda vilikuwa vimejaa. Alihama meza. Kila asubuhi ananisalimu vizuri, "Za asubuhi," kama alivyokuwa akiwasalimu wanunuzi wa tiketi pale kidirishani. Nikiuliza kitu ananijibu. Kuimba kwa pua huimba akiwa kule kwingine, mezani kwa Mama Pacha, mwanamke ambaye mshono wake hutembea kama mlevi arudiye nyumbani.

Wiki ya mwisho ya mwaka tulikuwa tunakata suruali. Nilikuwa nimeshapanga karatasi zangu, nimekaa na chaki mkononi namngoja mwalimu, ambaye yuko upande wa pili wa chumba na hana haraka na mimi.

"Twiga, mwanangu, hebu njoo unikague," Mama Pacha akaita. "Na usinionee huruma."

"Huruma nitoe wapi, mama? Hii suruali au gunia?"

Akainama, na shingo yake ndefu ikashuka mpaka karibu na kitambaa. Akapitisha kiganja taratibu, kipande kwa kipande, akageuza kimoja. Wakacheka wote wawili. Nikamwangalia Mama Pacha pale kando ya Twiga, mahali palipokuwa pangu, na roho ikaniuma kuliko ilivyowahi kuniuma mwaka mzima.