Msumeno Ulikuwa Mzima

Mzee Sikio hakupewa jina hilo kwa utani tu. Mteja aliwasha msumeno wake wa injini huko nje barabarani, na mzee, akiwa ameinamia kazi nyingine ndani ya karakana, alisema bila kuinua kichwa kwamba kabureta inavuta hewa, au pete ya pistoni imekwisha. Mara nyingi alipatia. Mara alizokosea hazikuwa na mwenyewe, maana mzee alikuwa na hulka moja ambayo wateja hawakuijua na watoto wake waliijua hadi kwenye mifupa: hakuwahi kukosea tangu azaliwe. Kitu kikiharibika, aliyekishika mwisho ndiye aliyekiharibu, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Miguu ilipoanza kumtetemeka, karakana ikashikwa na binti yake. Wateja walimwita Bi Chakavu, kwa sababu hakungoja kuletewa mashine. Alizifuata mwenyewe kwa wauza vyuma, akapekua milundo yao mpaka akatoka na misumeno iliyokatiwa tamaa, pampu za maji zilizoganda kwa kutu, jenereta ndogo ambazo wenyewe walikuwa wameshazigeuza viti. Alizifungua, akazisugua kwa petroli na mswaki wa zamani, akachukua silinda ya hii akaipa ile. Baada ya wiki mbili tatu kitu kilikohoa, kikatoa moshi, kikanguruma. Sauti hiyo ya kwanza aliipenda kuliko sifa za watu, na sifa hakuzikosa.

Asubuhi moja, kwenye lundo la muuza vyuma, alivuta mpini kutoka chini ya tangi bovu akakuta umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, umeshonwa kwa uzi mnene, mshono wa msalaba. Mshono huo aliujua kwa sababu aliushona yeye, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, siku kaka yake alipolalamika kwamba mpini unamteleza. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Muuza vyuma akamuuliza kama anaumwa, naye akasema hapana, ni jua.

Ulikuwa msumeno uliomkata kaka yake. Miaka kumi na moja nyuma, baba alimtuma akakate mti ulioangukia ukuta wa shule. Ncha ilipogonga tawi lililojificha, msumeno uliruka ukamrudia mwenyewe. Misumeno ya namna ile ina breki: kinga iliyo mbele ya mkono ikisukumwa, ndani kuna springi inayovuta ukanda wa chuma, ukanda unabana, na mnyororo unasimama kabla hujapepesa jicho. Siku ile mnyororo haukusimama. Ulimwingia kaka begani, na ingawa alipona, mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia kama mkono wa koti.

Hospitalini, mbele ya ndugu na majirani, Mzee Sikio alitoa hukumu. "Msumeno ulikuwa mzima. Niliupima mwenyewe. Huyu alikuwa amekunywa." Na ni kweli kaka alikuwa amekunywa chupa mbili jioni ya kuamkia siku ile, kwenye harusi ya rafiki yake. Chupa mbili zikatosha. Baba akauza msumeno wiki ileile, eti mama asiuone akaumia, na chupa mbili zikakua mdomoni mwa watu mpaka zikawa kreti. Mchumba wa kaka akarudisha pete. Mama akafa akiamini. Bi Chakavu naye, na hili ndilo lililomkalia kooni, aliinama kitandani kwa kaka yake siku ya tatu akamwambia, "Kwa nini ulikunywa, kaka?" Kaka aligeukia ukutani. Siku hizi alikuwa mlinzi kwenye yadi ya mbao, akiwafungulia lango watu wenye mikono miwili. Karakanani hakukanyaga tena.

Binti aliununua ule msumeno pamoja na takataka nyingine, asijue bado anautakia nini. Labda alitaka tu usishikwe na mtu mwingine. Aliufanyia kazi alfajiri kabla baba hajaja kunywa chai yake, na alipomsikia akikohoa njiani aliusukuma chini ya meza. Alisafisha kabureta, akabadili plagi na pete, na siku ya nne injini ikawaka. Upande wa breki aliuacha wa mwisho, kwa sababu nati zilikuwa zimeshikana na, tuseme ukweli, kwa sababu aliuogopa.

Siku ya sita nati zikakubali. Akaondoa kifuniko. Ndani kulikuwa na tabaka nene la oili iliyoungua na unga wa mbao, jeusi, gumu, la miaka yote ile. Akalikwangua kidogo kwa bisibisi kutafuta springi, asiione. Mahali pa springi palikuwa na waya. Mtu alikuwa amefunga ukanda wa breki usicheze ovyo, kinga ikabaki ikienda na kurudi kama kawaida, na nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuvuta wala kubana. Kwa anayeutazama kwa nje, msumeno ulikuwa mzima.

Mafundi wote aliowahi kuwajua husokota waya kwenda kulia. Mzee Sikio ni mtu wa shoto, na waya wake huenda kushoto, mizunguko minne, kisha ncha inakunjwa kwa ndani isije ikamchoma mtu kidole. Huu ulikwenda kushoto. Mizunguko ilikuwa minne. Ncha ilikunjwa kwa ndani, kwa uangalifu. Baba alikuwa amejali sana mtu asichomwe kidole.

Alilia kwanza, akimlilia kaka na kujililia mwenyewe na lile swali lake la hospitalini. Kisha hasira ikamkausha machozi. Akaona jambo moja tu: kaka auone waya huu kwa macho yake, mbele ya baba, leo. Na hapo akafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya. Kanuni ya kazi yao ni kwamba ubovu hauguswi mpaka mwenye mashine auone. Ukishautoa, atasema ulimtilia wewe. Basi hakuukata waya akautia mfukoni, kama ambavyo mtu yeyote asiye na ufundi angefanya. Aliuacha ulivyo, msumeno wazi mezani, akaufunika kitambaa na kuondoka mbio. Akasahau kwamba karakana ile ilikuwa na kanuni nyingine, ya baba mwenyewe: injini haiachwi wazi, na anayeikuta wazi aifunge.

Kaka alimsikiliza akiwa amesimama nyuma ya lango la yadi.

"Una hakika?"

"Waya umekwenda kushoto, kaka. Ncha imekunjwa ndani."

Alifungulia lori lango, likapita. "Unajua, mimi nilikuwa nimeshazoea," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali kwamba ni mimi. Nilikuwa nalala usingizi."

"Twende ukaone."

"Yeye yupo?"

"Atakuwepo. Ndiyo maana nataka uje sasa hivi."

Akaomba ruhusa kwa mwenzake, akaingia kibandani kubadili shati. Alifunga vifungo kwa mkono mmoja, kimoja kimoja, na mdogo wake aliponyoosha mkono kumsaidia akamtazama tu, naye akauteremsha. Alivaa shati la kutokea. Hilo lilimuuma Bi Chakavu kuliko yote, kwamba alivaa vizuri.

Walipokuwa bado nyumba tatu kabla ya karakana, wakasikia injini. Ililia laini, bila kukwama, na Bi Chakavu akajua ni ipi. Akaanza kukimbia.

Mzee Sikio alisimama mezani, miguu ikimtetemeka, msumeno ukinguruma mbele yake umefungwa kila nati. Alipowaona akaisukuma kinga. Tak. Mnyororo ukasimama. Akazima.

"Nani kaacha mashine wazi?" alisema. "Nimewafundisha nini mimi?"

Binti alitazama meza, kisha chini. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mzee ambaye hajashika ufagio tangu mkewe alipokufa alikuwa amefagia karakana nzima.

"Waya uko wapi, Baba?"

"Waya gani?"

"Baba, waya uko wapi?"

"Mwanangu, mimi nimekuta kazi, nimeifunga." Akamgeukia mwanawe, na hiyo ndiyo ikawa salamu yao baada ya miaka kumi na moja. "Wewe umekuja. Haya, sukuma mwenyewe usije ukasema umesimuliwa."

Kaka alisogea. Aliutazama ule mpini wenye mshono, akaweka kiganja juu ya kinga, akasukuma. Tak. Akairudisha. Akasukuma tena. Tak.

"Mzima," alisema baba. "Kama ulivyokuwa."

Bi Chakavu alimwona kaka yake akishuka, mabega kwanza kisha uso, mtu mzima aliyevaa shati la kutokea akirudi palepale alipokuwa amezoea. "Basi," kaka alisema taratibu. "Labda uliona vibaya, mdogo wangu."

Bi Chakavu alichukua spana. Baba akasema, "Usifungue, nimeshafunga," naye akafungua, nati ya kwanza, nati ya pili. Akaondoa kifuniko na kuusogeza msumeno mwangani.

Ndani mlikuwa vilevile: masizi, oili iliyoungua, unga wa mbao uliogeuka lami. Na katikati ya uchafu ule wote ilikaa springi safi, inang'aa, imepakwa grisi mbichi ya manjano. Kaka alikulia karakana hii; alifundishwa kusoma uchafu wa injini kabla hajajua kunyoa ndevu. Akatia kidole, akakinusa.

"Hii imewekwa leo," alisema.

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, Baba. Nauliza. Springi hii ilikuwa kwenye kopo lako la vipuri siku ile?"

Mzee Sikio angeweza kukana. Angeweza kusema hajui, amesahau, uzee. Neno lolote la kumkana mwanawe lilikuwa jepesi kwake. Lakini kuambiwa kwamba alikuwa na springi koponi akafunga waya, yeye, hilo lilimgusa pabaya.

"Siku ile sikuwa nayo," alisema kwa ukali. "Zilikuwa hazipatikani popote. Ningekuwa nayo ningeacha kuifunga? Mimi?"

Mzee aliyesikia pete mbovu kutoka barabarani alichukua muda kujisikia mwenyewe. Alipojisikia, akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Kaka hakuondoka mara moja, na Bi Chakavu alielewa kwa nini. Alikuwa anangoja. Alikuwa amesimama na mkono wake uliolegea, akingoja neno linalofuata, na si neno refu. Hata "mwanangu" peke yake ingetosha siku ile. Baba alifuta pembe moja ya meza, akafuta na ya pili.

"Watu wengi walikuwa wanafunga waya wakati ule," alisema hatimaye. "Na hawakukatwa."

Kaka akatikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa mashine yake haitengenezeki. Alifuta kidole chenye grisi kwenye shati lake la kutokea, pengine bila kujua, akamwambia mdogo wake, "Nisindikize."

Kwenye kona kaka akauliza, "Mama alikufa akijua ni pombe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua hivyo?"

Alitaka kusema uongo, ukamkwama. "Na mimi. Nisamehe, kaka."

"Wewe angalau umefungua," alisema, na hakusema amemsamehe.

Nyuma yao injini ikawaka. Ilinguruma vizuri kabisa, kazi ya mikono ya binti mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani mashine iliyofufuka ife. Wakasikia breki ikigonga, tak, halafu kimya. Ikawaka tena. Tak. Ikawaka tena.

"Anaupima," alisema kaka, na akaendelea kutembea.