Uso wa Kandida Uko Kazini

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, Kandida alikaa mbele ya kompyuta katika duka la Beno, lile la fotokopi karibu na stendi ya Ifakara, akafanya usaili wa kazi. Nyuma yake watu walipanga foleni ya kutoa kopi za vyeti. Beno alizima feni isivume, akamwomba mzee mmoja mwenye kikohozi akakohoe nje. Kazi yenyewe ilikuwa ya kujibu wateja wa kampuni ya Ulaya kwa mtandao, mtu akiwa nyumbani kwake. Diploma ya Kandida ilikuwa na miaka minne kabatini.

Wakala wa ajira hakuonekana, ilisikika sauti tu. Kwa kuwa ilikuwa sauti ya mtu mzima, Kandida aliianza kwa shikamoo. Sauti ikamtaka aonyeshe kitambulisho cha taifa mbele na nyuma. Ageuze uso kushoto, kulia, juu, chini. Asome ukurasa mzima. Acheke. Asikitike. Alifanya yote, kwa sababu alilelewa kutomkatalia mkubwa, na mwenye shida hachagui. Baada ya wiki akaandikiwa kwamba nafasi imepata mtu mwingine, wanamtakia kila la heri.

Mtu mwingine huyo alianza kazi Jumatatu ya pili ya Januari. Kandida alilijua hilo akiwa shambani Katindiuka, akipalilia mpunga na mama yake. Saa tano kamili uso wake uliondoka. Haukuuma. Ulibanduka taratibu kama utando wa maziwa yaliyopoa, ukapita juu ya mpunga, ukashika njia ya kaskazini. Mahali pake pakabaki laini kama kiganja. Aliendelea kuona na kusikia, na kusema alisema, ila kama mtu aliyejifunika blanketi. Mama yake, Eveline, aliinua kichwa, akamtazama kidogo, akamwambia amalizie mstari ule kabla jua halijawa kali. Saa moja jioni uso ulirudi umechoka, una alama mbili za miwani puani. Kandida havai miwani.

Kuanzia hapo ikawa hivyo Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili uso ulikuwa wake, kwa hiyo kanisani hakuna aliyeona tofauti. Siku nyingine watu walimtambua kwa mwendo. Sikitu, jirani anayeuza maziwa, alimwambia ashukuru Mungu, wa kwake unarudi kila jioni. Mume wa Sikitu alifuata ng'ombe upande wa Malinyi miaka mitatu iliyopita na hakijarudi hata kiatu chake.

Mama Eveline alikuwa mgonjwa wa moyo na alikuwa na ombi moja tu. Katika ukoo wao, kabla jeneza halijafungwa, mtoto humwinamia mzazi wake uso kwa uso, wakatazamana mara ya mwisho, marehemu ajue amemwachia nani nyumba. Kandida alikuwa ndiye mtoto pekee aliyebaki.

"Siku hiyo usiniinamie na hicho kiganja," mama alimwambia. "Nataka nikuone mwanangu."

Kandida akaahidi.

Beno ndiye aliyegundua uso unakokwenda. Aliliandika jina la Kandida mtandaoni, akakuta picha yake katika ukurasa wa wafanyakazi wa ile kampuni, anatabasamu tabasamu ambalo Ifakara haijawahi kuliona. Akamweleza kwamba kuna mtu, huenda mwanamume, huenda hata wako watatu, anaingia kwenye vikao vya kompyuta akiwa amevaa uso wake na kulipwa kwa jina lake. Akashauri waende polisi. Mama Eveline hakutaka kusikia.

"Aliyebeba jina la mwanangu ni wajina wake," alisema. "Wajina hashitakiwi. Anasalimiwa."

Kwao jina hurithishwa. Kandida mwenyewe alipewa la bibi yake, na mpaka leo mjomba wake Stanislaus, mwenye mvi kichwa kizima, humwita mama na kumwamkia kabla hajakaa. Watu wawili kuwa na jina moja kwao si wizi, ni undugu, na ndugu humtumia ndugu salamu. Kwa hiyo mama alikwenda dukani kwa bodaboda, akakaa kwenye stuli, Beno akamwandikia yule wajina anayoambiwa, kupitia ukurasa ule wa kampuni. Mama alijitambulisha yeye na baba yake na babu yake waliotoka Mahenge. Akataja parokia, siku aliyozaliwa Kandida, shule yake ya kwanza, na kwamba yeye mwenyewe moyo unamsumbua lakini hajambo. Jibu lilikuja siku ile ile, la heshima kabisa, likiuliza jina la ukoo wa mama yake mama. Mama alifurahi kuona mtu bado anauliza mambo kama hayo. Beno alijua kuwa hayo ndiyo maswali ambayo makampuni humwuliza mtu ili kuhakikisha ni yeye. Lakini alikuwa amekula sana ugali wa mama yule tangu utoto, na mdomo ulimwia mzito.

Kandida alikwenda polisi kushitaki kimya kimya. Alifika saa mbili asubuhi, na afisa akaulinganisha uso na kitambulisho, akasema mbona uso ndio huu hapa, kilichoibwa ni nini. Akarudi saa saba mchana. Afisa akakitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akasema kwa upole kwamba hawezi kupokea malalamiko ya mtu asiyefanana na kitambulisho chake.

Mwezi wa tatu, Jumatatu moja, uso ulirudi saa nane mchana, kabla ya muda. Macho yalikuwa yamevimba na machozi yanatiririka mpaka shingoni. Kandida hakuwa na huzuni yoyote siku hiyo, uso ulikuwa unalia wenyewe. Mama Eveline akaupangusa kwa ncha ya kanga, akaubembeleza, akasema kazi za watu zina maneno mengi, uvumilie. Uso ukakaa nyumbani siku tatu bila kuitwa. Zilikuwa siku tatu nzuri. Walikaanga perege, wakasukana nywele barazani, na mama akamtazama mwanawe mchana kweupe wa siku ya kazi kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alimtazama mpaka Kandida akaona haya.

Mwisho wa mwezi huo wenzetu wa Ulaya walisogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo, na uso ukaanza kuondoka saa nne badala ya saa tano.

Mama Eveline alifariki Jumatatu ya katikati ya Aprili, saa sita mchana. Kandida alikuwa amemshika mkono. Uso ulikuwa kazini.

Mjomba Stanislaus alifika kutoka Mang'ula na kupanga mazishi yawe kesho yake, saa tisa. Masika yalikuwa yamechachamaa, mto Lumemo ulikuwa umeshaanza kuingia makaburini, na kaburi la kungoja Jumamosi lingekuwa kisima. Kandida aliomba wasogeze hadi saa kumi na mbili jioni. Haikuwezekana, padri alitakiwa avuke maji kabla ya giza.

"Mama," mjomba alimwambia, "maji hayangoji ruhusa."

Basi Kandida alikwenda kwa Beno, wakaiandikia kampuni. Hakuomba kazi. Hakuomba mshahara wala kumtaja mwizi. Aliomba uso wake upewe ruhusa ya siku moja, Jumanne, ukamuage mama. Jibu lilifika asubuhi ya mazishi, uso ukiwa umeshaondoka. Beno alilisoma akiwa amesimama, akilitafsiri taratibu.

"Mpendwa Kandida. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa mama yako, Eveline, alifariki mwezi Machi. Ulitupatia habari hizo katika kikao ukilia, tukalia nawe, ukapewa siku tatu za maombolezo. Ruhusa hiyo hutolewa mara moja kwa kila mzazi. Tumegundua kwamba ombi hili limetoka kwa mtu anayejaribu kutumia jina lako, na tumeiarifu idara ya usalama. Usiwe na wasiwasi. Ajira yako iko salama."

Beno hakumtoza chochote. Alifunga duka wakaenda msibani.

Saa tisa Kandida alimwinamia mama yake. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida, akijaribu kwa nguvu zake zote, na wanaukoo waliosimama karibu wanasema kuna wakati nyusi zilitaka kutokea. Hazikutokea. Akasema, "Mama, ni mimi," na mjomba Stanislaus akamshika bega, wakafunga jeneza. Makaburini maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu.

Saa kumi na mbili na dakika chache uso ulirudi ukiwa na furaha, kwa sababu huko walikuwa wameuongezea mkataba wa miaka miwili. Ulimkuta Kandida amekaa mkekani katikati ya wanawake, ukajibandika vile vile na tabasamu lake. Wanawake wakainamisha macho. Kandida akauambia kwamba mama amefariki, na wameshamzika.

Tabasamu likafutika. Wanawake wakamngoja alie, maana kwao mwenye msiba ndiye huanza. Kandida alikuwa na uchungu ambao hajawahi kuwa nao maishani, lakini macho yalibaki makavu. Alifumba, akafumbua. Uso ulikwisha kumlilia mama huyu mwezi wa tatu, mbele ya wageni, na haukuwa na chozi jingine la kumtolea.

Sikitu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka chini sufuria ya maziwa, akaanza kulia kwa niaba yake, kwa Kisukuma, na wengine wakamfuata. Kandida alikaa katikati yao, akisikiliza watu wakimlilia mama yake.