Homa ya Gari la Lazaro

Mwaka ule Malkia alipovikwa taji huko Ulaya, Lazaro Mwakalobo wa Ipyana alinunua magurudumu manne kwenye mnada wa vifaa vya machimbo kule Chunya. Yalitoka kwenye gari la aina nyingine kabisa, lakini yalikuwa mapana na mazito, na matundu yake matano yaliingia kwenye bolti tano za gari lake bila ubishi. Lazaro akayapaka rangi nyeupe mbele na nyuma, tabaka juu ya tabaka, kisha akayafunga mwenyewe uani kwake. Alikuwa ameendesha malori ya jeshi huko Burma wakati wa vita, na hakuona nani Ipyana nzima angemfundisha kufunga gurudumu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu yenye bodi la mbao. Siku za kazi ilipeleka mpunga bandarini Mwaya, na Jumapili ilibeba watu wa kanisa. Ikienda polepole na magurudumu yale mapya, haikuwa na neno. Ikifika maili ishirini na tano kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwa Lazaro, kisha kiti, kisha bodi lote, mpaka abiria wakashika mashavu yao ili meno yasigongane. Haikupita wiki watu wakaipa jina. Wakaiita Homa.

Elizabeth, kiongozi wa kwaya, aliwahi kupanda Homa na wanakwaya wenzake wakitoka Mwaya. Akawaanzishia wimbo njiani kama ilivyokuwa desturi yao. Sauti ya kwanza ikatoka ikitetemeka kama ya mbuzi, ya pili ikaifuata vilevile, na waimbaji wa besi walipoingia ikawa kama zizi zima linalia. Akina mama walicheka hadi wakakaa chini juu ya magunia. Lazaro alisikia kila kitu kutoka mbele, na yeye hakucheka.

Alijaribu kila alichokijua. Alipunguza upepo, akauongeza. Aliyahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Alipakia mifuko ya mchanga ili gari litulie. Homa ikabaki homa.

Sokoni Ipyana, kwenye baraza la duka moja, alikuwapo fundi baiskeli aitwaye Ambilikile. Alikuwa mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyeweza kunyoosha rimu ya baiskeli kama yeye. Aliiona Homa ikipita kila siku na kuangalia magurudumu yake yalivyorukaruka. Siku moja Lazaro aliposimama kununua sigara, Ambilikile alimsogelea, akamwamkia kwa heshima, akamwambia kwamba huenda magurudumu yale hayakukaa katikati.

Lazaro alimtazama, kisha akatazama baiskeli iliyopinduliwa nyuma yake.

“Fundi,” akasema, “baiskeli ni baiskeli. Gari ni gari.”

Ambilikile akarudi kwenye spoku zake.

Mambo yaligeuka wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno. Mwaka huo kanisa la Matema lilikuwa limealika kwaya ya Ipyana ije kuimba, na Lazaro alikuwa ameahidi mbele ya mkutano wote kwamba atawapeleka. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka Mwaya na mkewe, Naomi, pembeni yake. Gurudumu la mbele la kushoto likaanza kugonga. Lazaro akasimama, akashuka, akainama. Nati mbili hazikuwapo. Ya tatu aliifungua kwa vidole.

Alichuchumaa pale muda mrefu. Naomi naye alishuka, akaona, akachukua kikapu chake na kusema kwamba yeye atatembea. Na akatembea. Lazaro akakaza nati zilizobaki, akamfuata mkewe kwa gari kwa mwendo wa konokono, maili nne nzima, na Naomi hakugeuka nyuma hata mara moja. Waliokuwa mashambani waliacha majembe yao kutazama.

Kesho yake asubuhi Lazaro alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi barazani kwa Ambilikile. Alitoa salamu, “Ugonile,” akaitikiwa. Akakaa kwenye kigogo, akavua kofia.

“Yale uliyoniambia juzi,” akasema, “niambie tena.”

Ambilikile hakumkumbusha habari ya baiskeli. Alifunga kazi yake, akachukua kipande cha mkaa na spana, wakaenda pamoja.

Uani kwa Lazaro walilipiga gari jeki mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Ambilikile akaweka jiwe karibu na gurudumu, akaegemeza mkono wake juu ya jiwe usitikisike, akausogeza mkaa hadi ukaribie kugusa ukingo wa rimu, kisha akamwomba Lazaro alizungushe. Ndivyo alivyopima rimu za baiskeli kila siku. Gurudumu liliposimama, alama nyeusi ilikuwa upande mmoja tu. Upande wa pili rangi nyeupe ilikuwa safi, mkaa haukuufikia.

“Baiskeli ningekaza spoku,” Ambilikile akasema. “Hili halina spoku. Tutazame katikati.”

Walipolivua, ugonjwa ulionekana. Katikati ya mahali gurudumu linapokaa pana kichuguu cha chuma kinachochomoza, ambacho mafundi hukiita kitovu. Tundu la gurudumu la zamani, ambalo Lazaro alikuwa bado amelitunza ghalani, lilikivaa kitovu hicho kama kizibo kinavyovaa chupa. Tundu la magurudumu ya Chunya lilikuwa kubwa mno, limeacha pengo la karibu nusu kidole kuzunguka pande zote. Kwa hiyo gurudumu halikushikwa na kitovu, lilining'inia kwenye bolti peke yake, leo huku, kesho kule.

Na hayo hayakuwa yote. Ile rangi ya tabaka juu ya tabaka ilikuwa imevimba pale chuma kinapokutana na chuma, na chini yake mlikuwa na kutu na matope makavu, hivyo gurudumu halikulala sawasawa. Mwisho Ambilikile akaokota nati moja, akaigeuza kiganjani. Upande mmoja ulikuwa bapa, upande wa pili umechongoka. Akauliza taratibu ni upande upi Lazaro aliutanguliza.

Lazaro alisema ni ule bapa, kumbe uliochongoka ndio unaoingia tunduni na kulishika gurudumu. Halafu akasema, kana kwamba anajieleza kwa mtu asiyekuwapo, kwamba Burma walikuwapo wengine wa kufunga magurudumu, yeye alikuwa wa kuendesha tu. Ambilikile akacheka kidogo, na Lazaro, baada ya kusita, akacheka naye.

Rangi na kutu vingekwanguliwa. Nati zingegeuzwa, na zile mbili zilizopotea zingenunuliwa Mwaya. Lakini lile pengo lilitaka pete nne za chuma, kila moja ikivae kitovu kwa ndani na kulijaza tundu la gurudumu kwa nje. Pete za namna hiyo hazikuuzwa Ipyana wala Mwaya, na sikukuu ilikuwa karibu.

Ambilikile alirudi nyumbani akiwaza. Mkewe, Atuganile, alikuwa Mkisi wa upande wa Matema, na kama wanawake wengi wa kwao alifinyanga vyungu. Udongo wake aliletewa na dada zake kwa mtumbwi hadi Mwaya, kwa kuwa aliuona wa Ipyana haufai. Ambilikile alimweleza shida yote, na Atuganile akasema kwamba sufuria kuukuu zikiyeyushwa, pete zinaweza kumiminwa kwenye kalibu za udongo. Yeye atazifinyanga kalibu.

Ambilikile alifurahi. Alikunja spoku mbili zikawa kama koleo la kupimia, akapima kitovu, akapima tundu, akamletea mkewe vipimo. Atuganile akavitazama, akasema kwamba udongo wake husinyaa ukichomwa, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko pete.

“Mama Rut,” Ambilikile akamjibu, “chuma kinataka kipimo. Fuata hicho nilichokupa.”

Atuganile akachukua udongo wake. Akafinyanga kalibu ya kwanza kama alivyoambiwa, bila kuongeza hata unywele. Akaikausha kivulini siku tatu, akaichoma. Wakaipasha moto tena ili ikipokea chuma isipasuke, wakayeyusha vifuniko vya sufuria katika chungu kinene kwa mivukuto waliyoazima kwa mhunzi, wakamimina. Ilipopoa walivunja udongo, na ndani ikatoka pete nzuri, nyeupe, ya kung'aa.

Haikuingia kwenye kitovu. Ambilikile aliigeuza, akaijaribu upande wa pili, akaigonga kwa kiganja. Kisha akaijaribu kwenye tundu la gurudumu, na humo ikacheza kama bangili ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto.

Atuganile alikuwa amekaa kwenye kinu, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Ambilikile alijitahidi kubaki na uso wa fundi, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kuna habari gani njema.

“Kwa kila vidole kumi, moto unakula kimoja,” Atuganile akamwambia alipopata pumzi. “Sasa nipe vipimo vyako, halafu uniachie.”

Akamwachia. Safari hii Atuganile alifinyanga kalibu nne kwa mkupuo mmoja, akipima kwa vidole vyake na kwa kijiti alichokikata mwenyewe. Pete zilipotoka zilikuwa nene kidogo kuliko zilivyotakiwa, na ndivyo alivyokusudia, ili tupa ipate pa kula.

Hapo ikawa kazi ya Ambilikile. Alikipaka kitovu masizi, akaisukuma pete, akaitoa, na pale masizi yalipogusa ndipo alipopiga tupa. Akapaka tena, akasukuma tena. Lazaro alikuja kila siku na kukaa karibu. Siku ya pili aliomba tupa. Siku ya tatu alijua mwenyewe mahali pa kupiga bila kuoneshwa. Pete ya mwisho iliingia kwa kusukumwa na vidole gumba viwili, ikatoa sauti ndogo ya hewa inayokimbia, na wanaume hao wawili wakatazamana kama watu waliosikia habari ya mtoto kuzaliwa.

Walikwangua rangi na kutu hadi chuma kikatoa rangi yake, wakayapandisha magurudumu, wakazigeuza nati. Lazaro alitaka kukaza moja hadi mwisho kisha afuate ya jirani yake. Ambilikile akamzuia. Akamwonesha kukaza kidogo, kisha kuruka upande wa pili, kama anayeshona nyota, ili gurudumu lilale sawa, na kuzimalizia kwa nguvu gari likiwa limeshashushwa chini. Walipolipiga jeki tena na kulijaribu kwa mkaa, mstari mweusi ulizunguka rimu nzima bila kukatika.

Lazaro aliendesha peke yake hadi njia panda na kurudi. Akazima injini. Alishuka, akaushika mkono wa Ambilikile kwa mikono yake miwili, kisha akapita moja kwa moja hadi alipokuwa Atuganile, akainamisha kichwa. “Ndaga fijo,” akamwambia, na shukrani hiyo akairudia mara tatu.

Jumamosi ya safari, wanakwaya ishirini na wawili walipanda nyuma. Atuganile alikuwa miongoni mwao, maana aliimba sauti ya pili, na Ambilikile alipanda kwa ajili ya magurudumu. Naomi alisimama karibu na mlango wa mbele, akalitazama gurudumu la kushoto, akamtazama mumewe, akapanda.

Walipita migombani, wakapita mashamba yaliyovunwa, wakavushwa mto Lufilyo kwa kivuko cha kamba. Ng'ambo ile barabara ilinyooka na kukauka vizuri, na Lazaro akakanyaga mafuta. Ishirini. Ishirini na tano. Nyuma watu wakanyamaza, kila mtu kashika ubao. Thelathini. Hakuna kilichotikisika ila vile barabara yenyewe ilivyotaka. Ndipo Elizabeth akaanzisha wimbo, sauti yake ikatoka imenyooka, ya pili ikaingia chini yake, na besi zikaja nzito na tulivu. Waliimba hivyo hadi milima ya Livingstone ikawainamia na ziwa likaonekana kati ya miti. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu Matema walisema waliwasikia kabla ya kulisikia gari.

Kesho yake ibada ilikwenda vizuri, na chakula kilikuwa kingi, wali na samaki wabichi wa ziwa. Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, dada zake Atuganile walimzunguka Ambilikile na kutaka kujua kama kweli yeye ndiye aliyeliponya gari. Akawajibu kwamba aliponya nusu, nusu nyingine ni ya dada yao. Lazaro aliyasikia. Akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye pikapu, akamfungulia mlango wa upande wa usukani.

Ambilikile hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Alisema hivyo. Lazaro akamwambia kwamba hata yeye, kabla ya jeshi, hakuwahi. Akasimama kwenye kikanyagio cha mlango, akamweleza klachi kupitia dirishani, akamweleza gia ya kwanza, na Atuganile akaingia upande wa pili na kujifunga khanga vizuri.

Gari likaruka mara mbili, likaondoka. Likazunguka uwanja wa kanisa kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani, Lazaro akining'inia ubavuni, Atuganile akipunga mkono dirishani kama mke wa bwana shauri wa wilaya, na kwaya nzima ikikimbia nyuma kwa vigelegele. Walizunguka mara moja, wakazunguka mara ya pili, na kila mtu akasema fundi ameipenda kazi.

Walipoanza mzunguko wa tatu ndipo Ambilikile alipotoa kichwa dirishani na kumuuliza Lazaro, kwa heshima ile ile, gari husimamishwaje.