Waliopatikana: 20

Judica aliitengeneza ile programu kwa wiki tatu, na ilipokamilika akatembea nayo Songea mjini kifua mbele. Ilikuwa ya kuandikisha wagonjwa wa kambi ya macho: unachagua kijiji, orodha inachujwa, na juu yake unasoma idadi ya waliopatikana. Mambo ya kuhesabu kwa kidole kwenye daftari yamekwisha, aliwaambia waandaaji, nao wakampigia makofi.

Haya, majigambo hayakosi la kuyaumbua. Siku ya kuijaribu aliingiza majina ya ukoo wake tu, mama, mashangazi, binamu, jumla kumi na wanne. Akachuja hivi, akachuja vile, idadi ikatoka sahihi kila mara. Kumbe orodha ilionyesha majina ishirini kwa ukurasa, na ile namba ilihesabu yaliyo kwenye ukurasa, si yote yaliyochujwa. Ukoo wake haukufika ishirini, basi kosa likajilalia.

Asubuhi ya kambi, katika zahanati ya kijiji kimoja njia ya Madaba, walifika wazee arobaini na saba wenye mtoto wa jicho. Nesi Rupert, aliyesimamia vifaa, alikuwa amechuja kijiji hicho, akasoma ishirini, akaagiza lenzi ishirini za kupandikiza jichoni. Daktari alikuwa na siku hiyo moja tu. Kambi nyingine ilikuwa mwakani, Mungu akipenda.

"Rupert, wewe hukuhesabu?" daktari alifoka mbele ya watu. "Hawa wametembea tangu alfajiri!"

Judica alikuwa hatua tatu nyuma yao, simu mkononi. Aliifungua orodha, akashuka hadi chini, akakuta ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Uso ukamchoma kwa aibu. Na alinyamaza, tusimpake mafuta. Alinyamaza mpaka mwenzake akalaumiwa mara ya pili.

"Nilisoma namba kwenye kompyuta, daktari," Rupert alisema taratibu. "Nilipaswa kuhakiki. Kosa ni langu."

Hilo ndilo lililomshinda Judica. Kuona mtu mzima anambebea mzigo wake, tena bila kugeuka kumtazama!

"Si lake," alisema. "Hiyo namba nimeitengeneza mimi, na si ya kweli."

Daktari alimgeukia, hasira zote zikahamia kwake. "Basi katangaze wewe. Ishirini wa kwanza kuandikishwa watabaki. Wengine wote uwasomee majina, uwaambie warudi nyumbani."

Judica alitoka kibarazani. Wazee walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi na nguo zao za kanisani, nyuso zimeelekea sauti yoyote inayopita. Alitamani ardhi ipasuke. Akaona afadhali aanze na majina, maelezo yatafuata. Mwenye aibu hutafuta njia ya mkato.

"Kunegunda Ngonyani," akasoma jina la ishirini na moja.

"Nipo, mwanangu!" Bibi mmoja aliinuka kwa fimbo, akaikaza khanga yake kiunoni.

"Bi harusi huyo, kaitwa!" wenzake wakamtania, na benchi zima likacheka.

"Baltazar Komba."

"Nipo!"

"Edna Mapunda."

"Nipo hapa, mama, nakuja!"

Alipaswa kusimama hapo hapo awaambie. Hakuweza. Aliendelea kusoma, sauti ikizidi kufifia, na kila jina liliinua mtu mmoja mwenye furaha. Alipomaliza la arobaini na saba akainua macho kutoka kwenye simu. Walikuwa wamepanga mstari mbele yake, wote ishirini na saba, kila mmoja ameweka mkono begani kwa aliyemtangulia.

"Shikamoo, bibi," Judica alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hapakuwa na hata mmoja wa kuyaona.

"Marahaba, mwanangu," Bibi Kunegunda alijibu, akanyoosha mkono ashikwe. "Haya, tuongoze. Tunaingilia mlango upi?"