Breki ya Kona ya Kulia

Kwenye shimo la lifti hatusemi "simama". Ndilo neno la kwanza nililokatazwa nilipoanza ufundi, na sababu haihitaji shule: mtu aliye juu ya paa la lifti akilisikia, hajui kama unataka lifti isimame au yeye mwenyewe anyanyuke. Tukitaka lifti iache kwenda tunasema "kata". Mtu tunamwambia "chuchumaa" au "lala".

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ndiye hupanda juu ya lifti. Mimi hukaa chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, na laptopu mapajani. Tunazungumza kupitia matundu ya sakafuni zinamopita kamba za chuma, na mengi ni utani. Yeye husema mimi nimekaa kama mama mkwe anayesubiri chai. Mimi humwambia anenepe kidogo ili lifti ijue imebeba mwanamume. Dada yangu hacheki na kazi hii. Kila asubuhi huniambia yaleyale: umemchukua mzima, unirudishie mzima.

Laptopu ya zamani ilikuwa adhabu. Ilinichuna bega, na betri yake ilikufa kitambo, bila waya wa umeme haiwaki. Lakini ubavuni ilikuwa na tundu la pini tisa, unachomeka waya moja kwa moja kwenye mtambo wa lifti. Na kwenye kona ya juu kulia ya kibodi kulikuwa na kitufe ambacho sisi tulikiita breki, maana ndiyo kazi yake: programu ile kongwe inaipandisha lifti taratibu, ukibonyeza breki, inakata.

Bosi alipoleta mpya nilifurahi, sidanganyi. Nyepesi, inakaa na chaji kutwa nzima. Tundu la pini halipo, tukapewa kiunganishi cha kuning'inia. Breki nayo haipo. Fundi wa kompyuta wa ofisini alinionyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja badala yake, nikajaribu pale mezani, nikasema sawa. Kichwa kilielewa. Mkono haukuwepo kwenye kikao hicho.

Siku hiyo tulikuwa tunabadilisha swichi ya dharura iliyo juu ya paa la lifti, ile ambayo Shemeji angeweza kuizimia lifti mwenyewe. Alikuwa ameshaifungua alipoona kwamba waya fulani, ghorofa moja juu yake, umechubuka. Akaomba nimpandishe akautazame. Swichi ile ikiwa imefunguliwa, lifti haitakiwi kwenda na mtu juu yake, na wote wawili tulilijua hilo. Lakini ghorofa moja tu, tukasema. Nikamwambia lala, akajibu amelala, nikaipandisha.

Kamba zetu tumezipaka rangi, alama nyeupe kwa kila ghorofa na nyekundu kwa ile ya mwisho. Alama ikichomoza kwenye tundu la sakafuni, unajua lifti imefika wapi. Alama nyeupe ya mwisho ikachomoza.

"Kata," Shemeji akasema.

Nikapeleka kidole kona ya juu kulia bila kutazama, kama miaka yote, nikabonyeza.

Kwenye laptopu mpya, kona hiyo wameweka kitufe cha kuizima. Kioo kikawa cheusi. Lifti haikukata. Amri ya mwisho iliyoipata ilikuwa panda, basi ikaendelea kupanda.

"Kata, Shemeji."

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kila kitu. Kioo kikaleta nembo ya kampuni, ikazunguka pale kwa raha zake. Kati ya zege la juu na paa la lifti iliyofika mwisho kuna nafasi ya mtu aliyelala. Ya mtu aliyesimama haipo. Kamba zilikuwa zinapanda, nami nikaona kwa chini, ndani ya tundu, wekundu unakuja.

"Simama!" nikaipigia kelele laptopu. "Simama, simama!"

Nilisikia sauti yangu ikishuka shimoni, na ndipo nikajua nimesema nini.

Swichi kuu iko ukutani karibu na mlango, nyuma ya mota. Sikumbuki kuiruka laptopu. Nakumbuka mkono wangu kwenye mpini wa swichi, ukiteleza kwa jasho, na mlio wa breki za mota ziking'ata. Lifti ikakata. Alama nyekundu ilikuwa imetoka nusu.

Nikapiga magoti kwenye tundu. Akilini nilimwona dada yangu amekaa sebuleni, na mimi mlangoni sina cha kusema. Nikaita Shemeji. Hakuna jibu. Nikaita tena.

"Shemeji," akasema hatimaye, taratibu, na karibu mno, kama yuko chini ya magoti yangu. "Hiyo simama ilikuwa yangu au ya lifti?"

"Ya lifti."

"Mimi nimesimama."

"Kichwa?"

"Kimegusa zege. Nimeinamisha shingo."

Nikamwambia achuchumae polepole, kisha alale, na nikamwuliza amelala mara nyingi kuliko alivyoweza kuvumilia. Ilibidi niishushe lifti kwa kuzungusha gurudumu la mkono lililo kwenye mota. Mshale wa kushuka umechorwa juu yake kwa rangi, nimeuona maisha yangu yote, na bado nilisimama pale nikiogopa kwamba nimeusoma kinyume. Nilizungusha kidogo, nikamwuliza inaenda wapi. Akasema chini. Nikalia, nikaendelea kuzungusha.

Alipotoka kwenye mlango wa ghorofa nilikuwa nimeshashuka kumpokea. Kofia yake ngumu ilikuwa na mkwaruzo mweupe utosini. Hakunitania. Simu yangu ikaita, dada yangu, anauliza mbona mumewe hapokei, kuna nini.

"Hakuna kitu. Yuko hapa, ame..."

Neno likakataa kutoka. Shemeji alinitazama, mgongo ukutani, bado yuko wima.

"Amekaa," nikasema. "Amekaa tu hapa."

Ndipo akakaa.